Kipara na kinini: tupime pande zote mbili mbele ya kumeza

Wandugu wa ku mine, na ninyi bamama wenye kungojea bus ya poste ya usiku irudi asubuhi, leo sitaongea juu ya bei ya cobalt. Nitaongea juu ya kichwa cha mwanaume na nywele zinazokimbia juu yake. Najua wengine watacheka. Chekeni, hakuna neno, lakini someni mpaka mwisho, kwa sababu ni kicheko cha namna hii kilicholeta mambo nitakayosimulia.

Niko na mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo. Anaendesha kamyo kubwa ku mine moja hapa Kolwezi. Ana miaka 32. Nywele zilianza kumtoka mbele na utosini, pole pole, miaka kama mitatu sasa. Ku vestiaire, kila anapovua casque, wenzake wanamwita "Pépé", wanamwambia atangulie kukaa maana wazee hawasimami. Yeye anacheka nao. Lakini nyumbani hakucheka. Alianza kuvaa kofia hata mezani.

Siku moja ya Mungu, kisha misa, nilipita kwake ku Manika. Yeye alikuwa amelala, alitoka poste ya usiku. Nilimkuta mke wake amekaa mezani, mimba yake ya miezi minne inaanza kuonekana. Mbele yake kulikuwa sahani ndogo, wembe, na vinini. Alikuwa anakata kila kinini mu vipande vine.

"Mama, ni dawa ya nani hii?"

"Ni ya bwana, yaya. Ni ya kuotesha nywele. Ku pharmacie banamuambia akate kinini kimoja mu bipande bine, kila siku ameze kimoja, njo makuta inafika mwisho wa mwezi. Yeye akikata, anaharibisha. Njo mimi minamukatia."

Vidole vyake vilikuwa na unga mweupe. Nilichukua sanduku: finasteride, miligramu 5. Ndani, karatasi ya maelezo ilikuwa bado imekunjwa vile ilitoka ku kiwanda. Hakuna mtu aliyeifungua. Nikaifungua, nikatafuta mustari niliokuwa naujua, nikamsomea: mwanamke mwenye mimba, au mwenye kuweza kuwa na mimba, asiguse kinini kilichovunjika au kusagwa. Aliweka wembe chini. Aliangalia vidole vyake, kisha akaniangalia. "Yaya, hakuna mutu alituambia."

Maneno yale, hakuna mutu alituambia, njo yamenifanya nishike kalamu. Sisemi kila mwenye kumeza dawa hii ni mjinga. Sisemi pia dawa ni sumu. Nasema kuna mzigo wa kupima, na sisi tunaumeza bila mizani. Wachimbaji wa mkono wenye kuuzisha ku Musompo wanajua vizuri uchungu wa kuuzisha mali bila kuona mizani na bila kuamini mashine ya teneur. Mtu anaondoka na makuta kidogo, anabaki na maswali. Mu mwili wetu mambo ni yale yale. Basi tuweke mizani hapa mezani, wote waone.

Dawa inafanya kazi namna gani

Kipara cha wanaume, kile kinachoanza mbele pande mbili na utosini, kinaletwa na mambo mawili: urithi wa ukoo, na homoni. Homoni ya kiume inaitwa testosteroni. Mu mwili, sehemu yake inageuzwa kuwa homoni nyingine yenye nguvu zaidi, inayoitwa kwa kifupi DHT. Kwa mwanaume aliyerithi kipara, DHT ile inafanya mizizi ya nywele kichwani inyauke: nywele inatoka nyembamba, kisha fupi, kisha haionekani tena. Casque haina kosa. Jasho halina kosa. Na yule jirani mnayemshuku kwa uchawi, naye mumwache apumzike.

Namna dawa ilivyopatikana ni hadisi ya kweli, na inafaa kuijua. Mwaka 1974, munganga wa Marekani, bibi Julianne Imperato-McGinley, na wenzake walitangaza habari za watoto wa kijiji kimoja cha Jamhuri ya Dominika. Watoto hao walikuwa wa kiume kwa damu, lakini walipozaliwa viungo vyao vilionekana kama vya kike, na wazazi waliwalea kama wasichana. Walipofika umri wa kubalehe, sauti ikawa nzito, misuli ikaota, wakageuka vijana wanaume. Waganga waligundua kwamba miili yao haikuweza kugeuza testosteroni kuwa DHT kama inavyotakiwa. Na waliona jambo lingine: walipokuwa watu wazima, prostate yao ilibaki ndogo, na hawakuota kipara.

Kampuni ya Merck ilitafuta dawa ya kufanya kwa mkono kile ambacho kwa watoto wale kilitoka kwa urithi. Ikapata finasteride. Mwaka 1992 Marekani iliiruhusu, miligramu 5 kwa siku, kwa wazee wenye prostate iliyovimba. Mwaka 1997 ikaruhusu miligramu 1 kwa siku kwa kipara. Ni dawa ile ile, kipimo tu ndicho kinabadilika. Kuna ndugu yake mwenye nguvu zaidi, dutasteride. Finasteride inapunguza DHT ya mu damu kwa karibu asilimia 70. Dutasteride inapita asilimia 90, na inakaa mu mwili miezi mingi kisha kuacha. Korea Kusini na Japani wameiruhusu dutasteride kwa nywele. Marekani na Ulaya wanaitoa kwa prostate.

Sasa rudieni hadisi ya watoto wale, mutaelewa karatasi ya mu sanduku. DHT ile ile inayonyausha nywele za baba, mu tumbo la mama ndiyo inayojenga viungo vya kiume vya mtoto. Njo maana mwanamke mwenye mimba hatakiwi kugusa dawa iliyovunjwa: ikipita mu ngozi, inaweza kufikia mtoto wa kiume wakati viungo vinajengwa. Kinini kizima kina koti juu, kukigusa hakuna shida. Shida inaanza pale wembe unapopita. Na sisi, kwa kutafuta bei ndogo, tunachukua kinini cha miligramu 5 cha wazee, tunampa mama wembe.

Upande wa kwanza wa mizani

Tuwe wa haki. Dawa inafanya kazi. Mu uchunguzi mkubwa uliofanywa kwa wanaume wa miaka 18 mpaka 41, kisha miaka 2, watu 83 kati ya 100 waliomeza finasteride hawakupoteza nywele zaidi. Kwa wale waliopewa kinini cha bure, kisicho na dawa ndani, walikuwa 28 tu kati ya 100. Hiyo si hadisi ya sokoni, ni kazi iliyopimwa.

Lakini angalieni vizuri kile kinachopimwa. Sehemu kubwa ya faida ni kuzuia: nywele uliyo nayo isikimbie. Kuotesha ni kidogo. Mwenye kichwa kinachong'aa kama sahani asitegemee kurudishiwa pori. Tena, matokeo yanaanza kuonekana kisha miezi 3 au zaidi, na dawa inatakiwa kila siku, miaka yote. Ukiacha, mu muda wa mwaka mmoja hivi, ulichopata kinarudi kwake. Kwa hiyo ukifanya hesabu ya makuta, usihesabu sanduku moja. Hesabu mpaka siku utakapochoka.

Upande wa pili

Sasa tuweke jiwe upande wa pili. Mu uchunguzi wa mwaka wa kwanza, karibu watu 4 kati ya 100 waliomeza dawa walilalamika juu ya mambo ya kitanda: hamu kupungua, mwili kukataa kusimama, mbegu kuwa chache. Kwa wale wa kinini cha bure, karibu 2 kati ya 100 walilalamika vile vile. Ni kusema dawa yenyewe iliongeza chini ya watu 2 kati ya 100. Wengi wao, walipoacha, mambo yalirudi. Hata waliobaki wanameza, kwa wengine shida iliisha.

Lakini si kwa wote. Mwaka 2012, wakubwa wa dawa wa Marekani waliagiza iandikwe mu karatasi kwamba kuna wanaume ambao shida ya kitanda iliendelea hata kisha kuacha dawa. Waganga wanabishana bado juu ya wingi wao na sababu yake. Kuwepo kwa malalamiko kwenyewe hakuna tena anayekuficha, kama ukisoma.

Kuna moyo pia. Mwezi wa Mei 2025, shirika la dawa la Ulaya lilimaliza kuchunguza faili zote na likathibitisha kwamba mawazo ya kujiua ni moja ya madhara ya vinini vya finasteride. Ni kwa watu wachache ukilinganisha na wingi wa waliotumia, na shirika lile lile lilisema faida bado inapita hatari. Lakini waliona neno lile ni zito, wakaagiza liandikwe wazi. Ufaransa, tangu Aprili 2025, pharmacie haitoi finasteride ya miligramu 1 bila karatasi iliyotiwa sahihi na munganga na mgonjwa, wote wawili, kuonyesha kwamba hatari zilielezwa. Hapa kwetu, sahihi iko wapi? Hata karatasi ya mu sanduku haifunguliwi.

Mambo mengine matatu, ambayo kwetu yana uzito kuliko kwa Wazungu.

La kwanza, damu. Kila mmoja wetu amekwisha kuitwa ku hospitali usiku: mtoto ana malaria, damu imekwisha, au mama amezaa na damu inatoka, familia itafute mtu wa kutoa. Mwanaume anayemeza finasteride hatakiwi kutoa damu mpaka mwezi 1 upite kisha kuacha. Kwa dutasteride ni miezi 6. Sababu ni ile ile: damu ile inaweza kupewa mwanamke mwenye mimba. Wewe unayemeza kwa siri, siku ile wanakuita mbio, utasema nini mbele ya mashemeji?

La pili, prostate. Kwa wenye umri, munganga anaweza kuomba kipimo cha damu kinachoitwa PSA, kinachosaidia kuona kansa ya prostate mapema. Finasteride inashusha namba ile, kisha miezi 6 hivi, mpaka karibu nusu. Munganga akiona 3 kumbe ni kama 6. Atakuambia "papa, rudia kazi, hakuna kitu", na wewe utarudi ku kazi na ugonjwa ndani. Akijua unameza, atazidisha mara mbili na kusoma sawasawa. Asipojua, umemdanganya munganga na umejidanganya mwenyewe.

La tatu, kile kilicho mu sanduku. Shirika la Afya la Dunia lilikadiria mwaka 2017 kwamba mu inchi zenye mapato madogo na ya katikati, dawa 1 kati ya 10 ni ya uongo au haina ubora. Hizo namba 83 na 28 nilizoandika juu zilipimwa na vinini vya kweli. Plaquette iliyokatwa na mkasi, bila sanduku, iliyolala juani kando ya barabara, hakuna uchunguzi wowote unaoweza kukuambia itakufanya nini.

Kilichopita mu nyumba ya mdogo wangu

Siku ile, shemeji yangu aliponawa mikono, alifunga mlango wa chumba pole pole, kisha akaniambia neno lingine. Alisema kwa sauti ya chini:

"Yaya, mi nilizani bwana ana bureau. Miezi tatu, minne, hanigusi. Nikimuuliza, anasema ni poste ya usiku. Nikaanza kuangalia telefone yake. Nilikuwa tayari kurudia kwa mama."

Mdogo wangu alipoamka, tuliongea sisi wawili inje, chini ya mti wa maembe. Kwanza alikataa. Kisha akasema ndiyo, hamu iliisha, kama mwezi wa pili wa kumeza. Hakufikiri hata kidogo kwamba ni kinini cha nywele. Alifikiri ni uchovu. Kisha akafikiri mtu amemfunga. Akanunua njiani "dawa ya nguvu", poda ndani ya karatasi, akawa anachanganya na kile kingine. Na anaendesha kamyo ya tani nyingi, usiku, na watu chini.

"Juu ya nini hukuniambia?"

"Yaya, ningekuambia nini? Kwamba ninakunywa dawa ya nywele? Ungenicheka."

Na mimi, ndugu msomaji, ni kweli. Ningemcheka. Nina kipara tangu miaka 35, na nimezoea kukifanyia mchezo.

Aliacha dawa. Mwezi wa kwanza hakukuwa na mabadiliko. Pole pole, mu miezi iliyofuata, mambo yalirudi. Siwezi kuapa kwamba ni kinini peke yake kilichomwangusha: poste ya usiku nayo inakula mwanaume, na hofu ya kushindwa inakula zaidi. Hata wale wa kinini cha bure, si mmeona, 2 kati ya 100 walilalamika. Ninachoweza kuapa ni kwamba angejua tangu mwanzo, angeacha mwezi ule ule wa pili, na mke wake hangelala na wazo la bureau. Mtoto alizaliwa mzima, ni binti. Hatari ile inahusu mtoto wa kiume, kwa hiyo tulipita pembeni ya shimo. Lakini siku ile ya wembe, nani alijua kama ni binti?

Wengine watasema

Najua kuna kijana mwenye kusoma atanijibu: "Papa, wewe mwenyewe umeandika, ni watu chini ya 2 kati ya 100. Ku kazi tunaingia kila siku mu hatari kubwa kuliko ile. Na Wazungu wenyewe wamesema faida inapita hatari."

Jibu langu: uko na haki juu ya namba. Lakini Wazungu walipima wakiwa na munganga anayeandika ordonnance, kinini cha miligramu 1 kisichokatwa, karatasi inayosomwa, na namba ya kuita ukisikia vibaya. Ukiondoa hivi vyote, mizani si ile tena. Na juu ya hatari ya ku kazi: ile tunaikubali kwa sababu upande mwingine kuna chakula cha watoto na masomo yao. Hata hivyo tunavaa casque, tunavaa viatu, tunafanya mkutano wa usalama kila asubuhi mbele ya kuanza. Kwa kinini hiki, upande mwingine kuna nywele. Ni haki yako kuzitaka. Lakini fanya basi mkutano wa usalama.

Wazee wenye prostate, ninyi niwaambie tofauti. Kwenu upande wa pili wa mizani hakuna nywele, kuna mkojo unaokataa kutoka na usiku bila usingizi. Dawa ile ile, kwenu, ina faida nyingine kabisa. Kama munganga amewaandikia finasteride, musiache kwa sababu ya gazeti. Mukiwa na swali, mumpelekee yeye.

Maoni yangu

Kwa mfanyakazi wa ku mine, kijana, mwenye mke bado anazaa, asiye na munganga wa kumfuata, ninaona haifai. Ni hivyo tu. Hatari ni ndogo kwa mtu mmoja, lakini faida nayo ni ndogo, na kile ambacho kingetulinda, yaani kuambiwa ukweli na kufuatwa, hatuna. Kunyoa kichwa chote ni bei ya kinyozi. Na kama unataka kujaribu kitu, kuna dawa ya kupaka, minoksidili, isiyo ya homoni. Ilianza kama dawa ya presha, kisha watu wakaona inaotesha nywele. Nayo si maji: inaweza kuwasha ngozi, inaweza kufanya moyo upige mbio, nayo pia inataka kila siku, na isipate mikono ya watoto. Lakini haishiki homoni zako.

Kwa yule ambaye bado anataka kinini, sitamfungia njia. Afanye mambo haya.

Kwanza, ajue kama ni kipara cha urithi kweli. Nywele zikitoka ghafula, kwa madoa madoa, na kuwasha au magamba, hiyo inaweza kuwa choa, upungufu wa damu, ugonjwa wa tezi ya shingo, hata kaswende. Finasteride haiponyeshi hata moja ya hizo, na ugonjwa utaendelea chini ya kofia.

Pili, mke wake ajue mbele ya kinini cha kwanza. Sio kuomba ruhusa kama mtoto, ni kwa sababu ni yeye atakayeona mabadiliko kwanza, na tumbo lake linahusika. Vinini vikae ndani ya sanduku, mbali na watoto, na wembe usikaribie. Na kama wanatafuta mtoto na mimba haiji, wakumbuke kumwambia munganga juu ya dawa, maana inaweza kupunguza mbegu.

Tatu, anunue kwa ordonnance, mu pharmacie yenye mlango na jina, sanduku limefungwa, tarehe inasomeka. Afungue karatasi. Kama Kifaransa chake ni kidogo, mtoto wa humanités amsomee.

Nne, siku ya visite médicale, munganga akiuliza "unakunywa dawa gani?", aseme. Tunaficha kwa sababu tunaogopa kwamba jibu litaenda kwa chef. Kile unachosema kwa munganga ni siri ya munganga, hiyo ni sheria ya kazi yake. Na waganga wa ku mine nawaomba: ulizeni swali kwa jina. "Unakunywa dawa ya nywele?" Mtu hatasema kitu ambacho hajui kama ni dawa.

Tano, akiona huzuni isiyoisha, usingizi kukimbia, mawazo ya kufa, au ziwa kuvimba na kuuma, aache na aende ku hospitali siku ile ile. Akiona hamu inaisha, aache na aongee. Asitafute poda ya njiani kufunika dawa kwa dawa.

Nabaki na neno moja kwa wale wa vestiaire, na mimi ni mmoja wenu. Mdogo wangu hakutumwa ku pharmacie na kioo. Alitumwa na sisi, kila asubuhi, "Pépé, kaa chini". Mchezo wa kazi ni mzuri, unafupisha poste. Lakini mkiona mtu ameanza kuvaa kofia mahali watu hawavai kofia, mchezo umekwisha, mtafuteni pembeni mmuulize habari zake.

Yeye sasa ananyoa yote, kwa kinyozi wa kona, kila jumamosi mbili. Mke wake anasema kichwa chake kinafanana na changu. Sijui kama ni sifa. Lakini siku ile alisema vile mbele yangu, walicheka wote wawili, na kofia ilikuwa imetundikwa ku musumari.